Makopo Matatu na Mstari Mmoja

Hapo zamani, wala si zamani za mazimwi bali zamani za kipande, palikuwa na shamba la mkonge lililoitwa Kwamtunguja. Nanyi msiojua kipande, sikieni kwanza. Kipande kilikuwa kadi yenye vyumba thelathini. Mkata mkonge akimaliza kazi ya siku, karani alimtilia alama katika chumba kimoja. Asipokwenda kazini, chumba kilibaki kitupu. Vyumba vyote thelathini vikijaa, ndipo alipokwenda dirishani kulipwa. Kabla ya hapo alipewa posho ya unga, ya mtu mmoja, kwa siku alizofanya kazi, basi.

Katika kambi ya shamba hilo waliishi mtu na mkewe. Mume aliitwa Luhende wa Maganga, Mnyamwezi wa upande wa Urambo. Mke aliitwa Kalunde binti Mihayo. Majirani walizoea kumwita Mke wa Chongo, lakini hilo halikuwa jina lake, naye hakuliitikia.

Chongo lenyewe lilikuwa la Luhende. Jani la mkonge lina mwiba kwenye ncha, mweusi, mgumu kama sindano ya kushonea magunia. Mwiba huo ulimtoboa jicho la kushoto asubuhi moja alipoinama kufunga tita. Likabaki la kulia. Na kila alfajiri Luhende alipochukua kisu chake na kutoka, Kalunde alisimama mlangoni akihesabu moyoni: jicho moja limekwenda, jicho moja limekuja. Alipomwona anarudi, alitazama uso kabla ya kumpokea kisu.

Kalunde aliwahi kuolewa kabla ya hapo. Mume wa kwanza alipofariki, ndugu zake walikuja siku ya arobaini wakakusanya mali ya marehemu. Walichukua kitanda. Walichukua jembe. Kalunde alikuwa na chungu alichokinunua mwenyewe kwa fedha ya kuuza karanga. Walipokiinua alisema, "Hicho ni changu." Wakamwuliza, "Kina jina lako?" Hakikuwa na jina lake. Wakakichukua.

Basi siku moja Kalunde alimsikia fundi wa nguo aliyeshonea kwenye baraza ya kupanga pale madukani, Mbaraka bin Nassoro, akisema kwamba anarudi kwao Lindi na atauza cherehani yake ya mkono.

"Kwa kiasi gani, Fundi?"

"Shilingi themanini. Wewe unaniuliza bei au unainunua?"

"Ninainunua."

Fundi Mbaraka akacheka mpaka sindano ikamponyoka mdomoni. "Mume wako akilipwa Jumamosi, Jumatatu anaomba tumbaku. Themanini mtazitoa wapi?"

"Unaondoka lini?"

"Idi ndogo ikipita, siku ya saba. Hiyo ni miezi minane na siku chache kutoka leo. Nitakungoja mpaka gari la mizigo linipigie honi. Honi ikilia, na mtu mwingine ana themanini, nampa yeye."

Kalunde akarudi nyumbani na neno moja kichwani: Luhende atoke shambani, akashone barazani, kabla mwiba haujalijua jicho la pili.

Lakini fedha yao hawakuijua. Luhende alilipwa shilingi arobaini na nane kwa kipande. Siku ya malipo walikula nyama. Siku ya pili alikunywa tembo na wenzake. Siku ya tatu alitoa kwa mkono wa kulia na wa kushoto, na siku ya kumi Kalunde alikuwa akikopa chumvi. Si kwamba alikuwa mlevi. Alikuwa mtu ambaye fedha ikiwa mfukoni huiona yote ni ya leo.

Nyumba ya tatu kutoka kwao alikaa mwuza vitumbua, Bi Tunu binti Kibwana, mwanamke wa Pangani, mzee, mkali wa ulimi. Hakuwahi kuonekana akikopa. Kalunde akamwendea.

"Bi Tunu, nifundishe kukaa na fedha. Wewe hufanyaje?"

"Kukaa nayo huwezi kujifunza kwa kusimama mlangoni. Keti."

Akamtolea makopo matatu kutoka chini ya kitanda: kopo la maziwa, kopo la majani ya chai, kopo la siagi.

"La maziwa ni la kukaa, haliguswi. La chai ni la kula. La siagi ni la kucheka. Fedha ikiingia, kabla hujaitumia hata senti, igawe. Kwanza ya kukaa. Si ile itakayobaki mwisho, maana haibaki. Kwanza. Halafu ya kula. Halafu ya kucheka."

"Ya kucheka naweza kuiacha," alisema Kalunde. "Nina haraka."

"Wewe utaacha. Mwanamume wako je? Ukimnyima ya kucheka, usiku ataichota ya kukaa, na asubuhi atakuapia kwamba ni panya. Mtengee yake, kidogo, aimalize bila kuulizwa."

Kalunde akarudi kwake, akatafuta makopo yake mwenyewe. Luhende alipolipwa, wakakaa mkekani wakagawa. Shilingi kumi na sita za kukaa. Ishirini na nne za kula. Nane za kucheka.

"Nane tu?" Luhende alisema. "Nitacheka kwa upande mmoja wa mdomo."

"Cheka kwa huo."

Zile ishirini na nne za kula Kalunde akazigawa tena. Vyumba thelathini vya kipande, siku thelathini. Akapata senti themanini kwa siku. Kila asubuhi alitoa senti themanini, hakuzidisha. Alijiona amefika.

Siku ya thelathini ilipokwisha, kopo la chai lilikuwa tupu. Akamwambia Luhende, "Nenda dirishani."

Luhende akamtolea kadi. Vyumba ishirini na viwili vilikuwa na alama. Vinane vilikuwa vyeupe.

Wakala nini? Wakafungua kopo la maziwa. Wakatoa senti themanini leo, senti themanini kesho, na likisha kufunguliwa lilionekana kama kopo jingine lolote. Luhende alichukua shilingi mbili za ngoma. Kisha akachukua tatu za shati. Kalunde naye alichukua, kwa mkono wake mwenyewe, akanunua mafuta ya nywele. Kipande kilipojaa, kopo la kukaa lilikuwa halina kitu. Kipande cha kwanza kimekwenda hivyo.

Kalunde alikwenda kwa Bi Tunu akiwa na hasira. "Makopo yako yamenidanganya."

"Makopo hayasemi, yatadanganyaje? Umeyafanya nini?"

Kalunde akaeleza. Bi Tunu akafikiri, akashindwa. Yeye aliuza vitumbua kila siku na alipata kila siku. Kwake jua na fedha vilichomoza pamoja. Mambo ya kipande hakuyajua.

Aliyejua alikuwa Chipeta bin Kawinga, Myao wa Tunduru, mseja aliyelala chumba cha mwisho cha mstari wao. Chipeta hakujua kusoma. Alikuwa na kamba ya mkonge ukutani, na kila jua lilipochomoza alifunga fundo moja, ajue ni siku ngapi tangu aondoke kwao. Kambi nzima ilimtania. Watoto walimwita Mfunga Mafundo. Luhende, kwa kuwa walikwisha kuzoeana kwa utani, alimwuliza kila wiki, "Chipeta, kamba yako imefika Tunduru au bado?"

Jioni hiyo Kalunde alikuwa akilalamika nje, na Chipeta alikuwa akinoa kisu. Akasema bila kuinua kichwa, "Shemeji, uligawa kwa ngapi?"

"Kwa thelathini. Kipande kina vyumba thelathini."

"Jumapili kuna chumba?"

"Hakuna."

"Jumapili mlikula?"

"Tulikula," alisema Kalunde.

"Siku ya mvua, ambapo nyapara haiti watu, kuna chumba? Siku ambayo Luhende aliamka na mgongo, kuna chumba?" Chipeta akaingia ndani akatoka na kamba yake. Kila alipolipwa alikuwa amefunga kipande cha kitambaa chekundu. Akampa ashike. "Hesabu kutoka kitambaa hadi kitambaa."

Kalunde akahesabu mafundo kwa kidole. Arobaini na moja. Akahesabu kitambaa cha nyuma yake. Arobaini. Cha nyuma zaidi, arobaini na moja.

"Karani anahesabu kazi," alisema Chipeta. "Tumbo linahesabu jua."

Usiku huo Kalunde aligawa upya. Ishirini na nne kwa arobaini na moja: senti hamsini na tano kwa siku, na shilingi moja na senti arobaini na tano zikabaki za dharura. Senti hamsini na tano zilikuwa chache. Nyama ikatoka. Mafuta ya taa yakawa ya nusu saa. Lakini zilifika. Siku ya arobaini na moja kulikuwa na senti ishirini ndani ya kopo la chai, na kipande kimejaa, na zile kumi na sita hazijaguswa.

Kopo la maziwa alikuwa amelifanyia jambo jingine. Aliliziba kwa nta ya nyuki, akaacha upenyo wa shilingi kuingia. Kutoka ilikuwa lazima uvunje nta, na nta ikivunjwa huonekana.

Kipande cha pili, kumi na sita. Cha tatu, kumi na sita. Cha nne, kumi na sita. Luhende alikunywa tembo lake kutoka kopo la siagi, likiisha alirudi nyumbani mapema, akasema kwamba tembo la siku hizi limetiwa maji. Cha tano, kumi na sita. Hizo ni sitini na nne. Kikabaki kipande kimoja, na Chipeta akapima kamba yake: mafundo yaliyobaki hadi siku ya saba baada ya Idi yalikuwa arobaini na moja barabara, pasipo moja la kuchezea.

Vyumba kumi na vitano vilipokwisha kujaa, ndipo utomvu wa mkonge ulipomrukia Luhende katika jicho la kulia.

Halikutoboka. Lilivimba likafumba. Kwa siku nne Luhende alilala amefungwa kitambaa, haoni kitu. Asipofanya kazi, posho hakuna. Kopo la chai likawa linalisha watu wawili peke yake, na zile za dharura zikaisha siku ya pili.

"Kalunde," alisema Luhende siku ya tatu, "vunja nta."

"Sivunji."

"Nina njaa."

"Uji wako huu hapa."

"Na wako uko wapi?"

"Nimekula."

Hakuwa amekula. Alikula mara moja kwa siku, jioni, ukoko wa sufuria. Luhende akapapasa chini ya kitanda mpaka akalipata kopo. Alikuwa kipofu kwa siku hizo, lakini mikono yake ilikuwa ya mkata mkonge. Kalunde akaishika ile mikono.

"Niachie. Hili ni kopo langu, jasho langu."

"Hili si kopo," alisema Kalunde. "Hili ni jicho lako. Ukilivunja leo utashiba siku nne, kisha utarudi kule kwenye miiba mwaka mzima."

 Luhende akasema, "Una moyo wa jiwe, binti Mihayo." Akaliachia.

Siku ya tano jicho likafumbuka. Chipeta akaja na kamba. "Zimebaki siku kumi na mbili. Vyumba vimebaki vingapi?"

"Kumi na vitano."

"Ndani ya hizo kumi na mbili mna Jumapili na mna Idi. Hazitoshi, mtani."

"Zitatosha," alisema Luhende.

Kiwanda kilikuwa kinataka majani wakati ule, na nyapara aliruhusu mtu mwenye nguvu kukata kazi mbili kwa siku. Luhende akapanga kukata kazi mbili siku tano kati ya kumi zilizobaki za kazi. Mara ya kwanza alirudi jua limezama. Mara ya pili alirudi anapepesuka. Mara ya tatu, mara ya nne. Mara ya tano alirudi na damu usoni, na Kalunde akaangusha mwiko. Mwiba ulikuwa umemchana juu ya nyusi ya kulia, upana wa kidole kimoja kutoka kwenye jicho.

"Ni nyusi," alisema Luhende. "Nyusi nina mbili."

Kalunde alimwosha damu. Usiku ule ndio pekee alioliendea lile kopo kwa nia ya kulivunja, waache kabisa, walale. Akalishika. Akalirudisha.

Siku ya saba baada ya Idi, saa nne asubuhi, Luhende alitoka dirishani na arobaini na nane. Kalunde akavunja nta mbele ya Fundi Mbaraka, juu ya meza yake yenye alama za mkasi. Wakahesabu sitini na nne, wakaongeza kumi na sita. Themanini. Gari la mizigo lilikuwa limesimama barabarani, mizigo ya fundi imekwisha kupakiwa. Bi Tunu alikuwa amekuja na sinia lake. Chipeta alikuwa amekuja na kamba yake shingoni.

Fundi Mbaraka akatoa karatasi ya cherehani, ile aliyopewa dukani aliponunua, akachovya kalamu katika wino.

"Niandike jina la nani?"

Luhende na Kalunde wakajibu pamoja, kila mtu jina lake. Kisha wakatazamana.

"Andika yote mawili," alisema Luhende.

"Siandiki mawili. Karatasi ina mstari mmoja. Nami niliwahi kununua cherehani na binamu yangu kwa majina mawili. Tulipogombana, ilikaa miaka miwili imefungwa kabatini, ikaota kutu, hakuna aliyeweza kuishonea wala kuiuza. Na mwenye baraza hii atampangisha yule ambaye jina lake litakuwa hapa. Jina moja. Niambieni ni nani aliyeinunua cherehani hii. Sisemi aliyeleta fedha. Aliyeinunua."

Luhende akasema, "Ni mimi. Kila shilingi hapo mezani nimeinamia chini kuikata. Nilikata kazi mbili nikiwa na jicho moja. Kopo lingewekwa nini kama nisingekwenda? Na jambo jingine, Fundi. Nikiacha mkonge nikakaa barazani kwenye cherehani ya mke wangu, sokoni nitaitwa nani? Nimekwisha kuitwa Chongo. Jina la pili la aibu silitaki."

Bi Tunu akacheka. "Mlikuwa mnamaliza fedha kwa siku kumi, nyinyi. Jasho ulikuwa nalo tangu zamani, mwana wa Maganga, na cherehani hukuwa nayo. Makopo ni yangu. Hata kopo la kucheka ni langu. Bila hilo ungevunja nta kipande cha pili. Sitaki kushona, macho yangu hayaioni hata sindano. Lakini nimeuza vitumbua miaka thelathini, na jina langu halijapata kuandikwa kwenye karatasi yoyote. Niandike mimi, wao watumie."

Wote wakamtazama Chipeta, naye akaona haya. Akasema polepole, "Makopo ya Bi Tunu yaliishiwa siku ya thelathini. Mlikuwa na jasho, mlikuwa na makopo, na mkalala na njaa. Hesabu ya kweli ilikuwa kwenye kamba hii mliyokuwa mkiicheka. Jina likiwa langu sitaichukua. Mtanipa kidogo kila mwezi, nami nitapata nauli. Mafundo yangu ni mengi sasa."

Kalunde alisema mwisho. Hakupandisha sauti.

"Luhende alileta fedha, ni kweli. Bi Tunu alinipa njia, ni kweli. Chipeta alinipa hesabu, ni kweli. Lakini fedha ililetwa, na njia ilijulikana, na hesabu ilikuwa sahihi, na bado siku ya njaa mkono wa mwenye fedha ulikuwa juu ya kopo. Nani aliuondoa? Mimi nilikula ukoko ili nta isivunjwe. Na mwulizeni Luhende ninyi, si mimi: alikuwa anataka cherehani, au mimi ndiye niliyetaka atoke?"

"Wewe ndiye uliyetaka," alisema Luhende. "Na kwa kutaka kwako jicho lilibaki kwa kidole kimoja."

Kalunde akamgeukia. "Hilo ni kweli pia. Lakini niliwahi kuwa na chungu, Luhende. Wakaniuliza kina jina langu. Leo kuna kalamu, kuna wino, kuna mstari. Ukifa kabla yangu, ndugu zako watakuja siku ya arobaini. Wataniuliza swali lilelile."

 Luhende aligusa kovu juu ya nyusi yake, akaitazama cherehani, akamtazama mkewe, akaitazama barabara ya sokoni walikosimama watu wanaomjua.

Gari likapiga honi.

Tone la wino likaanza kujikusanya kwenye ncha ya kalamu. Fundi Mbaraka bin Nassoro akaishusha mpaka karibu na karatasi, akasema, "Niambieni jina, na mlitaje sawasawa, maana sifuti."

Hadithi ya shamba la Kwamtunguja imefika hapo, juu ya mstari mmoja mtupu. Luhende wa Maganga aliyekata, Bi Tunu binti Kibwana aliyegawa, Chipeta bin Kawinga aliyehesabu, Kalunde binti Mihayo aliyekataa. Nanyi mliokaa mkasikiliza, kila mmoja ana mfuko wake na anajua jinsi unavyotoboka.

Je, ni nani aliyeinunua cherehani ile, na kalamu iandike jina la nani?